Rubani Aliyevishwa Soksi

Nyuma ya kiwanda cha unga, pale reli inapoingia uani na ukuta wa kusini unapata jua hata mwezi wa nne, kuna benchi. Ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya mawe mawili ya kusagia yaliyostaafu. Saa sita mchana king'ora kikilia, Minneapolis nzima inakwenda kula, lakini wale wanaume wanne wa benchi wanakwenda kubishana, chakula wanakipitia tu njiani. Mwaka ule wa arobaini na tatu serikali ilikuwa imeipima kahawa kwa kadi, ratili moja kwa wiki tano, na kwa Wanorwe na Waswidi wa mji ule hiyo ilikuwa vita ya pili. Wapo walioiona kubwa kuliko ile ya baharini. Kwa hiyo birika la Gudrun Brekke lilipofika, kahawa kiduchu, shayiri ya kukaanga tele, na yai zima limevunjiwa humo pamoja na ganda lake ili machicha yatulie chini, kofia zilivuliwa.

Siku hiyo birika halikuja peke yake. Halvor Brekke, mume wa Gudrun, alilibeba kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto alibeba tenga. Tenga akalisukuma chini ya benchi, akalifunika kwa koti lake, akakaa kama mtu ambaye hajaleta kitu. Alikuwa mshona magunia, umri wake miaka hamsini na minne, mpole, mwenye unga kwenye nyusi ambao hata harusini hakufanikiwa kuutoa.

— Nini hicho? akauliza Redio.

— Hakuna kitu.

— Mbona hicho hakuna-kitu chako kinapumua?

Redio jina lake la kanisani ni Einar Stromme, mwendesha lifti ya mizigo. Anaanza kusema alfajiri, na mke wake anasema kwa miaka ishirini ametafuta kitufe cha kuzimia hajakiona.

Halvor akashusha pumzi. Akalifunua koti. Ndani ya tenga, kifua mbele, jicho la rangi ya chungwa halipepesi, alikuwa amesimama njiwa.

— Ragna! wakasema wote, na mmoja wao akasimama kabisa, maana pale watatu kati ya wanne walikuwa wafugaji wa njiwa wa mashindano, na hakuna asiyemjua Ragna. Miaka miwili iliyopita alifunguliwa mji wa Bismarck asubuhi, maili karibu mia nne, na kabla jua halijazama alikuwa bandani kwake, anadai mahindi.

— Wanamtaka kule juu, akasema Halvor.

Hakuna aliyeuliza juu wapi. Ghorofa ya sita ya kiwanda ilikuwa imefungwa tangu baridi ianze. Kule walihamia watu wa chuo kikuu, na baada yao wakapanda njiwa, matenga kwa matenga, arobaini wakahesabiwa. Mlangoni kukawekwa askari. Wenye njiwa wao mjini waliombwa wawauze, wakawauza, na hakuna aliyeambiwa ni wa nini.

— Jana yule binti wa kule juu alikuja nyumbani, Bi Tolliver. Akakaa bandani saa nzima. Garimoshi likapita, njiwa wote wakaruka, Ragna akabaki anamtazama tu. Akasema, huyu ndiye. Nikamwambia nitamjibu leo. Anashuka kabla ya king'ora cha pili. Sasa mimi nataka ushauri, jamani. Nimpe, nisimpe?

— Torger anasemaje? akauliza yule aliyesimama.

Torger ndiye mtoto pekee wa Halvor, baharia, yuko mahali fulani kwenye bahari ya Pasifiki ambapo wakaguzi wa barua hupafuta kwa wino mweusi. Ndiye aliyemlea Ragna tangu kinda asiye na manyoya, akimlisha kwa kidole. Kila barua yake, hata ikifutwa nusu, mstari wa mwisho ulibaki: Ragna hajambo?

— Torger hajui. Ndiyo maana sijalala. Nikimpa, nimeitoa roho ya mtoto. Nikimnyima, labda nimeinyima vita ya huyohuyo mtoto. Nifanye nini, Hakimu?

Yule aliyesimama akaketi taratibu, kama kuna watu wanaopaswa kusimama kwa ajili yake. Alfred Nyquist, mpima mizani, aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza kwa siku moja, kesi ya ng'ombe aliyekula kabichi za jirani. Ni miaka kumi na moja sasa, na bado hajatoka mahakamani.

— Ushauri hautolewi gizani, akasema Hakimu. Kwanza baraza lijue kazi yenyewe ni kazi gani. Shahidi yuko wapi?

Watatu wakamgeukia wa nne. Kazimierz Wojtal, seremala, Mpolandi, anaitwa Msumeno kwa sababu hasemi mara nyingi ila akisema kuna kinachokatika. Ndiye pekee pale benchini aliyekuwa na ruhusa ya kupanda ghorofa ya sita.

— Nimeapa, akasema Msumeno, akatia kibonge cha sukari katikati ya meno na kuivutia kahawa hapo.

— Umeapa mdomo, kaka, akasema Redio. Masikio je?

Hapo ndipo palikuwa na udhaifu wa Msumeno. Mwili mzima ulikuwa wa kuaminika, isipokuwa masikio. Ukilisema jambo la kweli ambalo anataka kulificha, yanakuwa mekundu kama bitiruti za kopo. Kwenye karata hakuwahi kushinda. Akaivuta kofia mpaka shingoni, lakini masikio yale yalikuwa makubwa, na kofia ilikuwa ya kawaida.

— Tuanze, akasema Hakimu. Barua. Njiwa wanabeba barua vitani. Kesi imekwisha.

Wakaangalia masikio. Meupe.

— Barua gani, we mzee! akasema Redio. Mimi ndiye ninayepandisha mizigo yao. Sijaapa, maana hakuna aliyekumbuka kuniapisha. Walidhani mwendesha lifti ni sehemu ya lifti. Unajua wiki iliyopita nimepandisha nini? Soksi. Za kiume. Dazeni tatu.

— Watu wa chuo wana miguu ya baridi.

— Na mkasi. Na soksi zikashuka vipande: vidole vimekatwa! Sasa niambie, mtu gani anavaa soksi isiyo na vidole?

Masikio ya Msumeno yakaanza kupata rangi ya waridi.

— Angalieni! Angalieni! Njiwa wanavalishwa soksi!

Halvor akacheka bila kutaka. Akamwaza Ragna, malkia wa Bismarck, kichwa kimetokeza kwenye soksi ya mtu wa posta. Masikio yalikuwa yamewaka kweli.

— Ni Alaska, akasema Hakimu haraka, maana hakimu asiyejua si hakimu. Kule kisiwani wanakopigana na Wajapani kuna barafu. Njiwa anavalishwa asife baridi.

— Kisha afanye nini Alaska?

— Awepo. Jeshi linahitaji watu wa kuwepo. Mimi vita ile ya kwanza miezi tisa kazi yangu ilikuwa kuwepo.

Masikio yakapoa.

— Ameanguka mtihani! Redio akajipiga paja. Haya, sikilizeni hili. Nimepandisha gunia la mbegu za bangi.

— Hizo hata mimi huwapa, akasema Halvor. Punje chache tu kabla ya mashindano. Njiwa akila hizo haogopi mwewe.

— Chache! Wao gunia zima! Njiwa arobaini wa ghorofa ya sita muda huu hawaogopi mwewe, hawaogopi Hitla, hawaogopi mama mkwe. Na bado wanawapigia bastola. Nasikia mwenyewe nikiwa kwenye lifti: paa! Halafu kimya. Halafu paa! Halafu mtu anasema, vizuri sana.

— Bi Tolliver alipiga sufuria mbili nyuma ya kichwa cha Ragna, Halvor akasema, na fahari ikamtoka asiweze kuirudisha. Kwaang! Ragna akamwangalia kama mtu aliyekatizwa sala.

Benchi lote likamtazama njiwa kwa heshima. Wakati huo akatokea mwanamke kwenye kona ya ukuta, skafu kichwani, mkate mweusi mkononi, anatafuta pa kukaa penye jua. Alikuwa Irja Niskala, Mfini kutoka machimbo ya chuma ya kaskazini, na ile ilikuwa siku yake ya kwanza kwenye chumba cha magunia, mahali pa kijana aliyeitwa jeshini.

— Karibu, dada, keti, Redio akasogea. Mimina, Halvor. Hapa tunaizungumzia siri ya serikali.

— Nisije nikawavurugia, akasema Irja.

— Huwezi. Wewe unajua njiwa?

— Kwetu tulikuwa na mbuzi.

— Basi sikiliza tu.

Akakaa mwishoni mwa ubao, akapewa kikombe, akatia sukari kwenye meno bila kufundishwa, na kwa hilo tu akahesabiwa mtu.

— Picha, akasema Redio, sauti imeshuka. Nimepandisha picha. Kubwa hivi. Picha ya meli, imepigwa kutoka juu. Na kioo cheupe cha kuirushia hiyo picha kwa taa. Na punje za mahindi.

— Basi ni wapelelezi, akasema Hakimu. Njiwa anafundishwa kuijua meli ya adui. Akiiona anarudi kusema.

— Anasema kwa lugha gani?

— Hilo ni suala la utaratibu.

— Mzee, wewe umepiga chenga. Njiwa akiona meli pale, anadonoa. Nimechungulia mlango ulipofunguka: ka, ka, ka, ka, kwenye kioo, palepale penye meli. Akidonoa meli anapata punje. Akidonoa maji hapati.

Masikio ya Msumeno yalikuwa sasa yanaweza kuchemshia birika.

— Anaitoboa! Halvor akaropoka. Wanafundishwa kuitoboa meli!

— Meli ya chuma?

— Wakiwa wengi!

— Wangapi?

— Elfu kumi. Mia kwa kila shimo.

— Na soksi?

— Ili wasisikike wakitua.

Redio alicheka mpaka kahawa ikampita puani, na hasara ile ikamfanya alie machozi mawili ya kweli. Hakimu akatoa penseli akaanza kupiga hesabu ya midomo elfu kumi juu ya chuma cha inchi nane, akafikia kwamba meli ingezama Krismasi ya mwaka elfu mbili na sita, kama njiwa hawatapumzika Jumapili. Hata Msumeno mabega yalikuwa yanatetemeka chini ya kofia. Halvor alijisikia mwepesi. Akawapenda watu wale wote, hata Hakimu.

— Bado kitu kimoja, akasema Redio akijipangusa. Msumeno, samahani, kaka yangu, lakini jana umepandisha kitu kwenye lifti yangu kimefunikwa turubai, na turubai lilikuwa fupi. Kitu cha plaiwudi. Kimechongoka mbele kama pua ya papa. Kina vibawa. Na pale puani kuna vidirisha vitatu vya vioo, duara, na nyuma ya kila kidirisha kuna kachumba. Kachumba ka ukubwa gani? Ukubwa wa soksi moja iliyojaa.

Mto ukasikika ukianguka kwenye maporomoko yake nyuma ya maghala.

— Lile ni bomu, akasema Redio. Bomu lenye mabawa lisilo na injini. Linaachwa na ndege kule juu, linaserereka. Na anayeliongoza, akaliinua tenga kwa mikono miwili kama mchungaji anayeonyesha mtoto wa ubatizo, ni huyu. Ameshikizwa puani, amevaa soksi asitapetape, anaiona meli kwenye kioo. Anaidonoa. Ikienda kushoto, anadonoa kushoto, bomu linageuka kushoto. Ikikimbia kulia, kulia. Jamani, hawa si tarishi. Hawa ni marubani!

Kwanza walicheka. Walicheka vibaya, wakagongana, Hakimu akamshikilia Irja asianguke na Irja akamshikilia Hakimu. Njiwa rubani! Leseni yake iko wapi? Anapiga saluti kwa mguu upi? Kisha mmoja akageuza shingo, na wa pili, na wa tatu.

Masikio ya Msumeno yalikuwa mekundu ya namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona, mekundu mpaka nyuma, mekundu mpaka kwenye ukosi.

— Mama yangu, akasema Hakimu.

— Sikusema kitu, akasema Msumeno.

— Hukusema, kaka. Tutakuwa mashahidi wako.

— Lakini kwa nini watatu? Halvor akauliza. Vyumba vitatu, kwa nini?

Hapo Hakimu akasimama. Alikuwa amesubiri miaka kumi na moja.

— Kwa sababu, akasema akiinua kidole, mmoja anaweza kukosea. Mmoja anaweza kuona wingu akasema ni meli. Kwa hiyo wamewekwa watatu, na wanapiga kura! Wawili wakisema kushoto, ni kushoto, hata huyo wa tatu akinuna. Mabwana, mle puani mwa bomu mmewekwa baraza!

Masikio yakamuunga mkono. Hakimu akakaa, akatoa leso, akajipangusa paji la uso. Na kwa mara ya kwanza tangu kesi ya ng'ombe, hakuna aliyembishia.

Baada ya hapo hawakushikika tena. Ragna akapewa cheo cha sajini, na kabla mkate haujaisha alikuwa kapteni. Redio akamtungia hotuba. Hakimu akataka awe mwenyekiti wa baraza, wale wawili wengine wamfuate. Ikazuka hoja ya sare: soksi ya afisa iwe nyeupe au buluu, na iwe na nishani upande gani. Halvor akapendekeza sanamu kwenye daraja la mawe, ndogo tu, si ya kujionyesha. Alikwisha kuiona barua ya Torger akilini, akaiandika mstari kwa mstari: mwanangu, Ragna hajambo, Ragna yuko vitani pamoja nawe, huenda meli itakayotaka kukudhuru ataiona yeye kwanza. Atatoka juu ya mawingu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, na moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua. Angempa. Angempa kwa mikono miwili.

— Basi imepita, akasema Hakimu. Baraza linashauri njiwa atolewe. Kuna mwenye neno?

Irja akakitoa kibonge cha sukari mdomoni.

— Mimi nauliza tu, maana kwetu tulikuwa na mbuzi. Hilo bomu likishaifikia meli, yeye anarudije?

Redio akafungua mdomo. Ukabaki wazi, na hakikutoka kitu.

Watu wa mbuzi wangeuliza swali hilo mwanzoni kabisa. Watu wa njiwa hawaliulizi kamwe. Kwao njiwa ni ndege wa kurudi: unamfungua Fargo, anarudi, unamfungua Bismarck, anarudi, mvua, mwewe, moshi wa viwanda, unasimama bandani na saa mkononi, hujiulizi kama anarudi, unajiuliza dakika ngapi. Walikuwa wamezungumza nusu saa nzima, wamempa mpaka sanamu, na hakuna hata mmoja kati ya wale wafugaji watatu aliyekumbuka kwamba humo puani, nyuma ya kioo, ndani ya soksi, hakuna mlango.

— Labda kuna springi, akasema Hakimu kwa sauti ndogo. Kitu cha kumrusha nje. Dakika ya mwisho.

Wakageuka kumtazama Msumeno, mtu aliyekipigilia kile chombo kila msumari.

Masikio yake yalikuwa meupe kama unga.

Halvor akalivuta tenga akaliweka magotini. Ragna akamtazama kwa lile jicho lisiloogopa kitu, na Halvor akaona aibu, aibu halisi inayopanda shingoni, kwa ajili ya nishani na soksi nyeupe na hotuba. Alifikiri pia juu ya chumba kidogo cha chuma ndani ya meli ya kijivu, na mtoto wake humo. Hakutaka kuendelea kulifikiri hilo. Akatumbukiza kidole kwenye tundu la tenga, Ragna akakidonoa taratibu, kama alivyozoea kwa Torger.

Mlango wa ngazi ukafunguliwa. Bi Tolliver akatoka, binti mwembamba wa miaka ishirini na tatu au nne, koti limejaa vipande vya manyoya mabegani, daftari kwapani. Alitabasamu alipoliona tenga.

— Umemleta, Bwana Brekke. Tunakushukuru sana.

— Kuna neno moja, mama, akasema Halvor. Alimwita mama ingawa angeweza kumzaa. Akishaifanya kazi yenu, atarudi kwangu?

— Unajua siruhusiwi kusema lolote kuhusu kazi.

— Sijauliza kazi. Kazi ni yenu. Nauliza kurudi tu.

Bi Tolliver akaangalia madirisha ya ghorofa ya sita, akaangalia viatu vyake. Benchi zima lilikuwa limesimama bila kujua limesimama saa ngapi. Akachukua daftari, akalifungua, akatafuta kalamu kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji.

— Jana, akasema akiandika, nilimpima ndege wa Bwana Brekke. Nilipiga sufuria. Ndege aliogopa sana. Hafai.

— Aliogopa?! Halvor akaruka. Ragna? Aliogopa nini? Mama, hata hakupe...

Kiatu cha Redio kikamkanyaga kidole gumba kwa uzito wote wa mwendesha lifti.

— Ni mwoga ajabu, Bi Tolliver, akasema Redio. Yaani mtaani tunamwonea aibu. Akisikia mtu anapiga chafya, siku mbili hali.

— Baraza linathibitisha, akasema Hakimu. Ni ndege mwoga.

— Bwana Brekke? Binti alikuwa bado ameshika kalamu. Inabidi mwenyewe akubali.

Mtu anaweza kutoa vingi vitani, lakini mfugaji wa njiwa kusimama mbele ya wenzake na kusema hayo juu ya bingwa wa Bismarck, hilo ni jambo jingine. Ragna kifua mbele, akawa anamtazama.

— Mwoga, akasema Halvor. Mwoga kupita wote niliowahi kufuga.

Bi Tolliver akaandika, akafunga daftari. Halvor hakumngoja aondoke. Akakifungua kifuniko cha tenga palepale, mbele yake, mbele ya serikali yote ya Marekani. Ragna akatoka kwa kishindo cha mabawa, akapanda juu ya reli, juu ya maghala ya ngano, akazunguka mara moja akiutafuta upande, akaupata, akanyoosha kaskazini mashariki.

— Anajuaje njia? akauliza Irja.

Wanaume watatu wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na nadharia yake: jua, pua, sumaku kichwani. Redio sauti ilikuwa imerudi na riba. Wakawa bado wanashindana huku king'ora cha pili kikilia na birika limekauka, wakaingia ndani wakivutana mikono. Msumeno akapita wa mwisho. Alimgusa Halvor begani.

Bi Tolliver hakuwa ameondoka. Alikuwa ameweka mkono juu ya macho, shingo imekazwa, anamtazama yule ndege aliyekwisha kuwa nukta.

— Banda liko mbali? akauliza.

— Maili tatu tu, mama. Dakika nne atakuwa ndani.

Halvor akaingia, akachukua sindano na uzi, akasimama kwenye nafasi yake mbele ya gunia. Kutoka hapo dirisha lilionyesha ua wote. Wenzake walikuwa wameanza kushona, mashine zilikuwa zinanguruma, na binti yule alikuwa angali palepale karibu na benchi tupu, akiangalia saa yake ya mkononi, halafu anga, halafu saa. Hakuna aliyekuwa anamngoja nje, na juu bila shaka walikuwa wanamngoja. Alizisimamia dakika zote nne. Zilipotimia akashusha mkono, akajikung'uta manyoya mabegani, akapanda ngazi kurudi kwa wale arobaini.